Bagika na Bagalu: ngoma inayounganisha kwa kushindanisha

Kila Juni, mavuno yakiwa yameingia ghalani, watu humiminika Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, kwa sikukuu ya Bulabo. Vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma hushindana: Bagika hucheza upande huu, Bagalu upande ule, wakati mmoja. Anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo mtazamaji ana kazi: akitoka huku kwenda kule, amekwisha kuhukumu.

Wanaoitilia shaka ngoma hii wana hoja. Inasimuliwa kwamba pande hizi zilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Ubishi huo haujaisha. Manju, yaani watunzi na viongozi wa nyimbo, hutunga nyimbo za kumfedhehesha mpinzani, na minong'ono ya dawa za kuvuta watu huandamana na kila shindano. Ukoo mmoja unaweza kuwa na Mgika na Mgalu wasioelewana msimu mzima. Huo ni umoja gani?

Nami nauona huo ubishi kuwa ndio gundi yenyewe. Shindano halichezwi bila mpinzani. Kijiji cha Bagika lazima kiwaite Bagalu, kiwapishe uwanja, na kukubali kushindwa mbele ya watu wote. Tena tazama bugobogobo, ngoma ya majembe ya Bagalu. Ilitoka shambani, vikundi vya wakulima vikilima kwa mapigo ya ngoma ili majembe yapande na kushuka pamoja. Anayepoteza mdundo huvuruga mstari mzima. Aliyelima nawe hivyo tangu alfajiri humwiti mgeni tena. Hata Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliliona hilo: pale ambapo wamisionari wengi walizitenga ngoma na kanisa, yeye alizikaribisha Bujora, zikaungana na sikukuu ya Ekaristi.

Kinachonitia hofu zaidi ni jukwaa. Bugobogobo hufundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo na huchezwa na vikundi vya sanaa nchi nzima, na sina ugomvi na hilo. Bila vikundi hivyo, vijana wengi wa mijini wasingeijua kabisa. Lakini mbele ya mgeni rasmi hukatwa ikawa ya dakika chache. Watu wameketi kwenye viti chini ya mahema, wanapiga makofi, mtangazaji anataja kundi linalofuata. Hakuna anayeweza kuhama upande, kwa kuwa upande ni mmoja. Wachezaji ni hodari, pengine kuliko wa kijijini, na kila mtu anarudi nyumbani bila kufahamiana na aliyekaa kiti cha pili.

Maofisa utamaduni wanaoandaa matamasha wangeweza kuanzia hapo: waite makundi mawili, waondoe viti vya katikati, na wawaachie watu nafasi ya kukimbilia ngoma iliyowakosha.