Gari Linalia, Simu Inalia, Mimi Nilie Wapi?

Hivi jamani, kuna mwenzangu ambaye vitu vyake vinamlalamikia kuliko familia yake na wanaomdai wakijumlishwa pamoja? Gari langu nisipofunga mkanda linalia. Nikifungua mlango ufunguo ungali umechomekwa, linalia. Nikirudi nyuma linalia, na nikikaribia ukuta linazidisha, utadhani ukuta ni wa kwake. Nikiweka mzigo kiti cha pembeni linalia pia, maana kiti kimepima uzito kikaamua huyo ni abiria mkaidi. Siku hizi mzigo naufunga mkanda. Watu wakichungulia dirishani wanakuta nimekaa na begi lililofungwa mkanda vizuri kabisa, wananiangalia kwa huruma.

Hapo hapo simu nayo inatoa mlio kwamba chaji imebaki asilimia 15. Saa ya mkononi inatetemeka kunijulisha kwamba simu imetoa mlio. Nikishasoma, saa hiyo hiyo inanionya kwamba nimekaa muda mrefu, nisimame ninyooshe miguu. Nisimame wapi, mama weee, na niko kwenye foleni ya magari?

Kelele nazivumilia. Kinachonikondesha ni ile taa ya injini. Ya njano, ina kaumbo ka injini, inawaka asubuhi na mapema na kukutumbulia macho safari nzima. Haisemi chochote. Na kinachouma ni kwamba gari linajua! Marekani waliamua kwamba magari mapya ya kuanzia mwaka 1996 lazima yawe na mfumo mmoja wa kujikagua, na tundu lake la pini 16 chini ya dashibodi, na wengine wakafuata baadaye. Gari likiona hitilafu linaiandika kwa namba: P0420, P0455, na ndugu zake wengi. Limeshaandika, limehifadhi, linaweza hata kukumbuka injini ilikuwa na joto gani wakati huo. Ila wewe uliyelinunua unapewa taa tu, kama mgeni aliyenuna sebuleni ambaye ukimuuliza ana nini anakujibu “hamna kitu”.

Unajua P0455 ni nini? Mvuke wa petroli unavuja. Na kabla hujauza kiwanja, kaangalie kifuniko cha tangi la mafuta, maana mara nyingi kosa ni kwamba hakikukazwa mpaka kikalia “tatata”. Kifuniko! Mtu amekosa usingizi, ameanza kupiga hesabu za injini mpya, kumbe ni kifuniko. Na ukishakikaza usidhani taa itazima kwa adabu. Itaendelea kuwaka kwa safari kadhaa hadi gari lijiridhishe kwamba kweli umejirekebisha. Nakubali, ikianza kuwaka na kuzima kwa haraka hiyo si ya kufanyia mzaha, kuna silinda haichomi mafuta sawasawa na unaweza kuua vitu vya bei mbaya. Mimi nalalamikia ile inayokaa imetulia tu.

Njoo kwenye kuchaji sasa. Gari lina kile kitundu cha duara kilichobuniwa kwa ajili ya kuwashia sigara. Wavutaji wameacha, wengine wamefukuzwa ndani ya magari na wake zao, kitundu kimebaki, na ndicho sasa kinabeba ukoo mzima: chaja ya simu, kamera ya barabarani, pampu ya upepo. Kando yake kuna tundu la USB. Katika magari ya zamani kidogo tundu hilo linatoa wati 2.5, basi. Lilitengenezwa kwa ajili ya kusoma nyimbo kwenye flashi, si kulisha simujanja yenye kioo kikubwa kuliko dirisha la bafuni. Unawasha ramani, mwanga juu kabisa, intaneti inakimbia, umechomeka, alama ya umeme inaonekana kwenye kioo, na asilimia zinashuka. Unachaji na chaji inapungua! Halafu umeitundika simu kwenye kioo cha mbele, jua linaipiga usoni, inapata joto, inatoa tangazo kwamba inahitaji kupoa kwanza. Inazima ramani palepale penye njia panda. Setilaiti za GPS ziko juu umbali wa kilomita elfu 20 na zote ziko kazini. Aliyeomba ruhusa ni huyu wa hapa kwenye kioo.

Basi nikanunua pawabenki. Imeandikwa mAh 10,000, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Simu yangu betri yake ni 5,000. Darasa la tatu nilifaulu, 10,000 gawanya kwa 5,000 ni mbili. Inajaza mara moja, ya pili inakata pumzi njiani. Kumbe hiyo elfu kumi imepimwa kwa volti 3.7 za betri iliyomo ndani, na umeme ukipandishwa hadi volti 5 za kutokea inabaki kama 7,400, na hapo joto halijachukua chake. Ukifika mlangoni mwa simu ni kama elfu sita na ushee za hizo volti 5. Hesabu ni halali kabisa, imeandikwa nyuma kwa maandishi ambayo sisimizi mwenye miwani angeyasoma kwa shida.

Nyaya sisemi. Ulaya walichoka, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kwao lazima zichajiwe kwa USB-C. Hongera zao. Kwangu waya unaofaa huwa ni ule ambao mtoto ameondoka nao. Mwaka 2019 wataalamu watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya betri za lithiamu, na walistahili. Atakayebuni waya usiohama nyumba yenye watoto apewe ile ya amani.

Na Bluetooth je? Jina wamelitoa kwa mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeunganisha watu wake. Mimi imenitenganisha na majirani. Nipo chumbani naongea na shemeji kwa sauti ya chini, ananikumbusha lile deni. Mama watoto anatoka nje, anawasha gari. Ghafla shemeji kimya. Nasema haloo, haloo. Kumbe simu imeona gari imelikimbilia, na shemeji yuko uani anaunguruma kwenye spika nne, vioo vyote viko chini: “Mwezi wa ngapi huu unaniambia kesho?” Tangu hapo jirani akinisalimia anaongeza “vipi, mambo yamekaa sawa?”

Ufunguo wa siku hizi nao si ufunguo, ni rimoti. Ndani ina kibetri cha CR2032: 20 ni milimita za upana, 32 ni unene wa milimita 3.2. Chuma cha zaidi ya tani moja kinamsikiliza huyo. Akichoka, unasimama mlangoni kwako mwenyewe unabonyeza kama mwizi asiyejua kazi. Kwa wengi kuna ufunguo wa chuma umefichwa ndani ya hiyo rimoti. Unauchomoa, unafungua mlango, na king'ora kinaanza kupiga, kwa sababu umeingia bila kutambulishwa.

Basi juzi taa ya injini imewaka tena. Kifuniko nimekaza hadi kiganja kimeuma. Nikaenda gereji. Fundi, kijana mchangamfu, akaniambia, “Bosi tulia, siku hizi hatubahatishi.” Akatoa kidude kidogo, akakichomeka chini ya dashibodi, kikawaka taa ya kijani. Majibu, anasema, yanakuja kwenye simu yake. Akaitoa simu, akaibonyeza, akaitikisa, akaipuliza kwenye tundu. Kisha akaingiza kichwa dirishani.

“Mzee wangu, humu ndani kuna waya wa kuchajia?”