Saratani ya tezi dume haisambai kwa jeni mbovu pekee

Saratani ya tezi dume ikitajwa, watu huuliza kwanza: jeni gani imeharibika? Ni swali la haki. Wapo wanaume wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni kama BRCA2, na kwao ugonjwa huwa mkali zaidi. Lakini naona swali hilo limetuteka mno. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeshafika mifupani, kuna la pili lenye uzito uleule: ni jeni gani nzima, isiyo na kasoro, imeamshwa wakati usio wake?

Karibu seli zote za mwili zina DNA ileile, mfano wa waimbaji waliohifadhi nyimbo zote ila kila mmoja huimba chache. Protini zinazoshika DNA ndizo zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Kwenye tezi dume, kinara ni kipokezi cha androjeni, yaani protini inayopokea homoni za kiume kama testosteroni. Testosteroni ikikishika, kipokezi huingia katika kiini cha seli na kuziwasha jeni zake, ikiwemo ile inayotengeneza PSA, protini ambayo tunaipima kwenye damu.

Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba ukiondoa homoni za kiume, saratani iliyosambaa hunywea. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo tiba hiyo ndiyo msingi. Shida ni kwamba mara nyingi saratani hurudi, na namna inavyorudi ndiyo inayonishangaza. Kwa kawaida haimwachi kinara wake, bali hutafuta njia ya kumsikia hata homoni ikiwa kidogo. Huzidisha nakala za jeni ya kipokezi. Au huzidisha kipande cha DNA kilicho mbali na jeni hiyo, ambacho hakitengenezi protini yoyote, kazi yake ni kuichochea tu. Au hutengeneza kipokezi kifupi, AR-V7, kisicho na mahali pa kushikia homoni, nacho hufanya kazi bila kuamrishwa. Mwaka 2014 utafiti ulionyesha kuwa wagonjwa wenye AR-V7 hawakuitikia vizuri enzalutamidi wala abirateroni, dawa zinazozuia kipokezi hicho au utengenezaji wa homoni za kiume. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kujua jeni inavyosomwa ni suala la kumchagulia mtu dawa, si elimu ya maabara tu.

Kuna pia EZH2, protini inayofunga jeni zisisomwe. Mwaka 2002 ilibainika kuwa huongezeka sana kwenye saratani iliyosambaa. Na mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa seli zilizosambaa hufungua tena sehemu za DNA zilizokuwa zikitumika tezi ilipokuwa ikijengeka tumboni mwa mama. Ujuzi wa kukua, uliokuwa halali kwa mtoto, unamrudia mtu mzima kama ugonjwa.

Hapa nina malalamiko. Muungano wa jeni TMPRSS2 na ERG, uliogunduliwa mwaka 2005, huiweka ERG, jeni inayoweza kuchochea saratani, chini ya amri ya androjeni. Umeonekana katika takriban nusu ya saratani hizi kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, lakini ni haba zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Nchini Marekani, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango cha takriban mara mbili ya weupe. Kipimo kinachotegemea ERG peke yake kitawapita wengi wao, na sioni sababu ya kuridhika nacho.

Sioni pia sababu ya kumtibu mtu leo kwa kutegemea sampuli ya tezi iliyochukuliwa miaka kadhaa kabla ya saratani kuhama. Herufi za DNA huenda zikawa karibu zilezile, ila zinasomwa vingine. Inapowezekana, apimwe upya, kwa damu au kwa kipande kidogo cha nyama kutoka pale saratani ilipo sasa.