Vitenge vya Rotterdam Vilivyokwenda Kutembea Budapest

Mimi ni mtu wa Kigoma, Kifaransa changu nimekiokota Buyenzi, hapa Bujumbura: bonjour, ça va, basi. Siku niliyokwenda kumtumia mdogo wangu vitenge vya sare ya harusi yake, kule Rotterdam, dada wa kaunta akanigeuzia kompyuta nichague nchi. Mwenye akili angeomba msaada. Mimi nikavuta kiti.

Nikaanzia mwisho wa orodha nikipanda. Kwenye P nikaona "Pays-Bas", nikajua hiyo ni huduma ya basi la kulipia, nikapita. Uholanzi si ndiyo Holland? Nikafika H. Hongrie. Hapo nikatabasamu. Wafaransa hawa, huandika vingine wakatamka vingine. Hongrie, Holanzi, tofauti iko wapi? Nikabonyeza, nikalipa, nikadai risiti.

Siku ya tisa simu ikalia.

"Kaka, mzigo wangu unafanya nini Budapest?"

"Budapest si huko huko kwenu?"

Kimya. Kisha, polepole: "Kaka. Budapest ni Hungaria."

Nilifika kaunta nikihema. "Mimi nilitaka Hollande!"

"Hollande alikuwa rais wa Ufaransa, mzee wangu," yule dada akanijibu, hata hajainua macho. "Nchi yako inaitwa Pays-Bas." Na ile S hatamki, anasema "peyi-ba", kwa hiyo hata basi langu likayeyuka. Pays ni nchi, bas ni chini: Nchi za Chini, tena kwa wingi. Kama robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Wenyewe huiita Nederland, maana ile ile ila kwa umoja. Holland ni majimbo mawili tu kati ya 12, na tangu 2020 serikali yao imeacha kujitangaza kwa jina hilo. Tuliobaki kuling'ang'ania ni sisi na Uholanzi wetu.

Nikakumbuka Rotterdam iko Holland ya Kusini. Nikapata nguvu. "Sasa mimi nimekosea wapi?"

"Umeandika Hungaria."

Harusi ilifungwa bila sare. Kwenye picha mashangazi wamevaa kila mtu na lake, wamenuna kwa rangi saba. Vitenge vilirudi Bujumbura vikiwa na mihuri mingi kuliko pasipoti yangu.

Juzi nilirudi pale na bahasha ya binamu yangu aliye Hamburg. Safari hii nilijiandaa: Ujerumani ni Germany, Germany ni G. Nikashuka taratibu. Gabon. Gambie. Géorgie... Kidole kikaanza kunyanyuka chenyewe.

Yule dada akanidaka mkono hewani, akairudisha orodha juu kabisa, kwenye A. Allemagne.

"Mzee wangu," akasema, "wewe uwe unaniambia tu kwa mdomo."