Taa nyekundu kwa uchovu usioisha: nimeijaribu, na maoni yangu ndo haya

Nianze na msimamo ili mwenye haraka aondoke nao: taa nyekundu, zile paneli za LED watu wanazojimulika nazo mwilini, sio utapeli, ila kwa uchovu sugu tunauziwa kitu ambacho bado hakijathibitishwa, na tunaouziwa ni sisi ambao tumechoka mpaka nguvu ya kubishana na muuzaji hatuna.

Uchovu ninaousema hapa sio ule wa kutoka kazini Posta ukakaa kwenye foleni ya Mbagala mpaka giza linaingia. Ule ukilala unaisha. Huu unaamka nao. Mi ulinianza baada ya homa moja kali ya virusi, nyumba nzima tuliugua, wenzangu wakapona, mi nikabaki. Unaoga halafu unakaa kitandani na taulo unatafuta nguvu ya kuvaa nguo. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba adhabu haiji siku hiyohiyo, leo unaenda kwenye sendofu unacheza kidogo unarudi salama, kesho upo upo tu, keshokutwa ndo mwili unazima kabisa, koo linauma, mwanga unakukera, maneno yanapotea katikati ya sentensi. Hali hiyo ina jina, ME/CFS, yaani ugonjwa wa uchovu sugu, na mwaka 2015 jopo la wataalamu Marekani lilisema huko kuanguka baada ya kujitumia ndo alama ambayo lazima iwepo, kama haipo basi tafuta ugonjwa mwingine. Kwa familia yangu majina yalikuwa tofauti. Shangazi alileta rozela, mama mdogo akaleta maini na matembele, jirani akasema nimefungwa, na daktari mmoja akapitia majibu yangu akaniambia "dada, huna ugonjwa wowote, punguza mawazo."

Sasa mtu ukishaambiwa punguza mawazo, chochote kitakacholetwa unakipokea. Kuna dada alikuwa na saluni ya ngozi, anafunga biashara, akaniuzia paneli yake ya LED, ina ukubwa wa trei mbili za mayai ukizipanga, ina swichi mbili, moja inawasha balbu nyekundu za nanomita 660 (ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) na nyingine inawasha za infraredi za nanomita 850. Hizo za pili ukiziwasha peke yake utadhani mbovu maana jicho linaona wekundu hafifu tu au halioni kitu. Chukua simu, fungua kamera ya selfi, zielekeze, utaziona zinang'aa rangi ya zambarau hivi, ni jaribio lilelile la kuangalia kama rimoti ya tivii betri zimeisha.

Hadithi ya muuzaji ni rahisi na ndo maana inaingia. Ndani ya seli kuna mitokondria, mitokondria ndo zinatengeneza nishati, mwanga mwekundu unaamsha kimeng'enya kimoja humo ndani, kinaitwa cytochrome c oxidase, nishati inaongezeka, wewe huna nishati, kwa hiyo kaa mbele ya taa ujichaji. Ukiisikia ukiwa umechoka inasikika kama imeandikwa kwa ajili yako. Na sio ya kubuni yote, hilo la kimeng'enya watafiti wamelifuatilia kwa miaka mingi ingawa bado wanabishana kama ndo mlango wenyewe. Mambo haya yana umri. Mwaka 1967 kule Budapest daktari Endre Mester alinyoa panya akawamulika na leza akitaka kujua kama itawaletea kansa, kansa haikuja, manyoya yakaota haraka kuliko ya panya wasiomulikwa. Baadaye NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa na LED nyekundu za kuoteshea mimea angani, madaktari wa Wisconsin wakazipeleka kwenye vidonda. Leo hii wagonjwa wa kansa wanaopata vidonda mdomoni kwa sababu ya dawa na mionzi wanamulikwa kwa mwanga wa aina hii, na miongozo ya kitaalamu inaukubali. Mwaka 2024 watafiti wa London waliwamulika watu wazima wenye afya mgongoni kwa dakika 15 kisha wakawanywesha glukosi, sukari kwenye damu ikapanda kidogo kuliko bila mwanga, pungufu kwa asilimia 27.7. Utafiti mzima ulikuwa na watu 30 tu, wote wazima, lakini matokeo yanavutia kweli.

Ila angalia kilichorukwa hapo. Kidonda cha mdomoni kipo juu, mwanga unakifika. Manyoya ya panya yapo juu. Mwanga mwekundu sehemu kubwa unamezwa na milimita chache za mwanzo za mwili, infraredi inaenda ndani zaidi lakini nayo inapungua haraka. Uchovu wangu mi unakaa wapi? Kwenye ubongo, misuli, damu, kinga, hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana, halafu mtu wa Insta yeye anajua, tena anajua na dakika ngapi.

Kuna moja linanikera kuliko yote, nalo ni la Niels Finsen, daktari wa Denmark. Kila tangazo lina sentensi ya "tiba ya mwanga iliyoshinda tuzo ya Nobel". Kweli Finsen alipewa Nobel ya tiba 1903. Lakini alipewa kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi, na alitumia taa kubwa za umeme akichuja mwanga abakize ile miale ya bluu na ya urujuani, yaani upande wa pili kabisa wa upinde wa mvua. Nyekundu aliitumia kwa wagonjwa wa ndui, aliwaweka kwenye vyumba vyenye mapazia mekundu ili kuzuia hiyo miale mingine isiwafikie, na hiyo sio iliyompa tuzo. Sasa sehemu ambayo wauzaji hawaigusi ndo iliyonishika mi: huyu bwana alikuwa mgonjwa. Mwenyewe alieleza kwamba alianza kuchunguza mwanga kwa sababu alikuwa na upungufu wa damu na uchovu, nyumba yake Copenhagen imetazama kaskazini, jua haliingii, akahisi labda akipata jua atapata nafuu. Yaani ni mwenzetu. Aliponya ngozi za watu wengi waliokuwa wameharibika nyuso, akajengewa na taasisi, na ugonjwa wake wa ndani ukaendelea kumla vilevile, alikufa 1904 ana miaka 43.

Haya, mi mwenyewe nilijisikiaje. Wiki za mwanzo vizuri, sitaki kudanganya. Nilikuwa nalala chini asubuhi chumbani, paneli pembeni, macho nimefunika, dakika 10 mgongo, dakika 10 miguu, simu iko sebuleni. Joto lake zuri, maumivu ya shingo yalipungua, usingizi ukawa mzito kidogo. Na hapo ndo pana mtego ambao wenzangu wa ME/CFS naomba muushike: ukijisikia freshi asubuhi mbili tatu mfululizo, kichwa kinaanza kuona mapazia machafu, kabati halijapangwa, kuna mtu hospitali hujamtembelea, unatumia nguvu ambazo mwili haujazalisha, keshokutwa unalipa na riba. Uingereza mwongozo wao wa 2021 uliondoa hata ile mipango ya kuongeza mazoezi polepole kwa hawa wagonjwa, wanasema panga shughuli ndani ya nguvu ulizonazo. Kwa hiyo taa hata ikikupa nafuu, nafuu yenyewe usiitumie siku hiyohiyo.

Mdogo wangu wa kiume ambaye haamini chochote ndo alileta wazo la kupima. Kwa sababu infraredi karibu haionekani, na paneli ina kifeni kinachonguruma muda wote, alisema anifunge macho kwa kitambaa cheusi, awashe feni ya juu ili joto nisilihisi vizuri, halafu siku nyingine aigeuze paneli inimulike na siku nyingine aigeuzie ukutani, asiniambie, aandike kwake, mi niandike kwangu nilivyojisikia mchana. Tulifanya hivyo mpaka akachoka yeye. Tulipofungua madaftari, siku zangu nzuri zilikuwa zimegawanyika bila mpangilio, ukuta ulimulikwa sana na mi nikajisikia freshi. Najua sio utafiti, ni watu wawili na daftari, na joto siwezi kuapa kwamba sikulihisi kabisa. Lakini mi nilichokiona ni kwamba kinachonisaidia ni kulala chini bila simu, bila mtu kuniita, kabla siku haijaanza kunidai. Bila mashine ya laki sita hakuna mtu nyumbani angeniruhusu kulala chini saa tatu asubuhi, ila ukisema "nipo kwenye tiba" wote wanatembea kwa vidole, hata watoto.

Kwa anayetaka kujaribu bado, sikatazi. Ila kuna mambo ya kujua. Kwanza kuongeza muda sio kuongeza faida, watafiti wanaona mara nyingi dozi ndogo inafanya kitu na dozi kubwa inafuta. Hesabu yake ni nyepesi, miliwati 50 kwa kila sentimita ya mraba ukikaa dakika 10 umepata jouli 30 kwa kila sentimita hiyo, na tafiti nyingi zinacheza kwenye namba ndogo kuliko hapo, halafu zile namba kubwa za kwenye maboksi nyingi zimepimwa kwa vifaa vya kupimia jua ambavyo vikiwekwa mbele ya LED vinasoma juu. Pili sisi weusi, melanini inameza mwanga huu zaidi, ngozi inapata joto haraka. Kuna majaribio Marekani yaliyopima uvumilivu wa ngozi, kwa wenye ngozi nyeusi na ya kahawia dozi ya juu ilikuwa jouli 320 kwa kila sentimita ya mraba, kwa wazungu 480. Dakika za kwenye karatasi ya maelekezo sijui ziliandikwa kwa ngozi ya nani, na mwenye madoa meusi usoni awe makini na joto. Ile balbu nyekundu ya vifaranga sio kitu hichohicho jamani, ile kazi yake ni joto, nimeona watu wanajimulika nayo, utaungua.

Halafu tuko Dar. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni infraredi, jua la saa moja na nusu asubuhi ukikaa kibarazani na kikombe chako cha chai unapata nyekundu na infraredi bila kununua kitu. Kama kuna kitu tumepoteza ni sisi wa ofisini, vioo vyenye rangi, AC, na taa za LED ambazo zimebana umeme kwa kuondoa hiyo infraredi iliyokuwa kwenye balbu za zamani.

Lakini kabla ya jua na kabla ya paneli, pima. Sio kipimo kimoja cha malaria na UTI ukarudi nyumbani. Wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya thairoidi, VVU, TB kama unakohoa au unapungua, presha, mimba, na uulizwe usingizi wako ukoje na moyo wako ukoje, maana sonona nayo inakuja imevaa nguo za uchovu. Kuna dada tulikuwa tunasali naye alitaka tushirikiane hii paneli, ameishiwa nguvu, anapanda ngazi anahema. Nikamuuliza siku zake zikoje, akasema anabadilisha pedi kila baada ya muda mfupi na amezoea. Uvimbe kwenye kizazi, damu ilikuwa imeshuka vibaya mno, walimlaza siku hiyohiyo. Huyo angekaa mbele ya taa yangu anasubiri mitokondria zichaji.

Paneli sasa hivi ameichukua mama mdogo kwa ajili ya goti, na kwa goti sina ubishi naye mkubwa maana kwenye maumivu ya viungo huu mwanga una tafiti nyingi zaidi kuliko kwenye uchovu. Nimemwambia afunike macho, asizidishe dakika 10, na dawa zake za presha aendelee nazo kama kawaida. Ananijibu "mwanangu, mi naipenda tu ile feni yake."