Kontrola iwe sevuleti au JSP? Mimi niko upande wa sevuleti

Ukitunza mfumo wa Java wa zamani lazima hili likufike: ombi likitoka kwenye brauza nani awe kontrola, yaani alipokee, asome fomu, aamue liende page gani? Wengine wanaandika sevuleti (klasi ya Java inayopokea maombi ya wavuti na kuyajibu), wengine wanamaliza kila kitu humohumo kwenye JSP (faili la page ya HTML lenye kodi ya Java ndani).

Kwanza JSP yenyewe ni sevuleti. Tomcat, seva inayoendesha mifumo hii, inaligeuza faili lako kuwa klasi ya Java, inalikompaili, halafu inaita metodi yake ya _jspService kila ombi likija. Kwa hiyo spidi sio ishu kabisa.

Na watu wa JSP wana hoja jamani, tusiwabeze. Unabadilisha mstari, unasevu, unarifreshi, basi, hamna kubildi wala kudiploi upya. Kabla Servlet 3.0 haijaleta @WebServlet (alama ya kusajili sevuleti ndani ya kodi yenyewe) mwaka 2009, kila sevuleti ilibidi uisajili kwenye web.xml, faili la mipangilio ya mfumo, mistari kibao kwa kitu kidogo tu, wakati JSP unaiweka kwenye folda na inaitika hapohapo.

Ila JSP imetengenezwa kutoa maandishi, na hapo ndo inapoumiza ukiifanya kontrola. Kila spesi na mstari mtupu ulioacha nje ya tagi unaingia kwenye jibu, bafa yake, yaani sehemu jibu linapokusanywa kabla ya kutumwa, kwa kawaida ni 8kb, ikijaa inamwagwa kwa brauza, sasa ukija kufowadi (kulikabidhi ombi kwa page nyingine ndani ya seva) au kuredairekti (kuiambia brauza iende URL nyingine) baada ya hapo unakula IllegalStateException kwa sababu jibu limeshaanza kuondoka. Na kinachokera zaidi, ukitesti na data kidogo huioni, inakuja kulipuka siku orodha imekuwa ndefu na watu wako kazini wanautegemea huo mfumo. Kutoa PDF au picha nako ni balaa, JSP inataka getWriter ya maandishi wewe unataka getOutputStream ya baiti, na jibu moja halikubali vyote viwili.

Halafu kuna makosa ya kawaida tu. Ukikosea jina la metodi kwenye sevuleti kompaila inakukamata mapema, kwenye JSP kama hujazikompaili kabla, mtu wa kwanza kufungua page ndo anakutana na 500, kosa la seva.

Freimuweki zenyewe zilishachagua zamani. Struts ya Craig McClanahan, iliyoingia Apache mwaka 2000, ilikaa juu ya ActionServlet, Spring MVC ina DispatcherServlet, JSP inabaki ya kuonyesha tu.

Sasa kama umerithi mfumo uliojaa JSP za hivyo, usiandike upya wote, utaua vitu vinavyofanya kazi. Anza na page zinazopokea POST (data inayotumwa na fomu), hasa zinazogusa hela, hamishia lojiki kwenye sevuleti ifowadi kwa JSP iliyo ndani ya folda ya WEB-INF ili mtu asiweze kuifungua moja kwa moja kwa URL. Zile za kusoma tu, zisizobadilisha kitu kwenye databesi, ziache kwanza.