Maziwa ya watu hayana kosa, tuulize bakuli

Nina kisukari. Asubuhi kabla ya kula nilipima sukari ya damu, mashine ikasoma 6.4. Nikamimina konfleksi, nikajaza maziwa, sukari sikutia hata punje. Baada ya masaa mawili nikajitoboa kidole tena: 12.9. Kliniki waliniambia muda huo nijitahidi nisifike 10.

Nyumbani lawama zikaangukia maziwa. Hapa Pasua, Moshi, tunaletewa na mama mmoja wa Kibosho, kwenye kidumu, na mume wangu alishaanza kumwambia kesho asipitie kwetu. Nikagoma. Kikombe cha mililita 250 kina sukari yake ya asili gramu 12 hivi, tena kina protini na mafuta, kwa hiyo hakipandishi kwa kasi. Mwizi alikuwa mwingine.

Ubavuni mwa boksi la konfleksi imeandikwa mlo mmoja ni gramu 30. Nani anazijua gramu 30 kwa macho? Nikaazima mzani wa binti wa dada yangu, anayepika keki za kuuza. Zilipotimia, bakuli letu la mchuzi hata nusu halikufika.

"Mama mdogo, hiyo si ya paka?"

Nikamwaga, nikamimina kwa mkono wangu wa kila siku. Gramu 75! Hapo wanga peke yake ni zaidi ya gramu 60, na ni wanga wa mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa, yakabanwa, yakakaushwa. Tumbo halikuachiwa kazi yoyote. Tena ni asubuhi, saa ambazo homoni za kuamkia zenyewe zinasukuma sukari juu.

Na wale wa "kunywa uji wa ulezi, haupandishi", jamani. Ulezi ni nafaka nzuri, nakubali, lakini ukishasagwa laini kama poda, ukapigwa vikombe viwili vikubwa, mashine itakwambia. Mimi iliniambia. Afadhali konfleksi zilizopimwa kuliko uji wa kujidanganya.

Siku hizi naanza na yai la kuchemsha na kiganja cha karanga, ndipo nakula zile gramu 30 na kikombe kimoja cha maziwa. Juzi ilisoma 8.7, na njaa sikuisikia mpaka saa sita. Huo ni mwili wangu na vidonge vyangu. Anayechoma insulini asikate chakula ghafla kwa kunisoma mimi, sukari ikishuka sana nayo ni hatari. Azungumze kwanza na daktari wake.

Mzani unadaiwa. Jumamosi kuna keki ya kipaimara, na mwenyewe ameshapiga simu mara mbili. Nimechukua kikombe cha plastiki, nikatia gramu 30, nikachora mstari wa kalamu nyekundu ubavuni. Mume wangu amekwisha kukitumia kuchotea mchele.