Msaada Upo, Njia Haionyeshwi

Kinachoniudhi hapa Kisumu ni msaada wa umma kufichwa kama siri ya ukoo. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, ipo: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefika miaka 70, akishasajiliwa. Lakini uliza mitaani, Nyalenda au Manyatta, ni wangapi wanaojua waanzie wapi. Nyanya anafika kwa chifu na kitambulisho mkononi, anatumwa kwa afisa wa ustawi wa jamii; huko anaambiwa arudi kwa chifu. Nauli ya boda anatoa yeye! Tangazo lenyewe limebandikwa ndani ya ofisi, tena kwa Kiingereza. Na 116, namba ya bure ya kuripoti dhuluma kwa watoto, mbona haijaandikwa kwenye kila lango la shule na kila kioski cha maji? Mkebe wa rangi ni pesa ngapi jamani?